Kula kwa Macho

Niliajiriwa kushika tochi.
Kupika nilipika pia: maharage meusi, mihogo ya kukaanga,
kahawa nzito ya saa saba usiku
ambayo Tainara aliiacha ipoe
juu ya daftari lake la vipimo.

Alitoka Niterói na vikopo arobaini vya plastiki,
kila kimoja na namba yake,
ndani ya kila kimoja chura wa mitini
anayesubiriwa aende haja.
Nilicheka hadi nikakaa chini.
Msomi mzima, na miwani yake,
anangojea choo cha chura kama mdai mlangoni!

"Dona Iracilda," akasema, "tumbo hukana,
kinyesi hakikani. Risiti ziko huku nyuma."

Basi tukazisoma risiti.
Mguu wa panzi. Bawa la kumbikumbi.
Buibui aliyekunjwa kama barua ya deni.
Hayo niliyatarajia, chura ni chura.
Lakini kikopo cha kumi na saba
kilikuwa na mbegu.
Nne. Nzima. Safi
kama zimeoshwa na mtu anayetarajia wageni.

Kelele zake zinajulikana hadi kwenye methali.
Nani aliwahi kumuuliza anakula nini?

Kuanzia hapo kila usiku tulishuka mchangani,
kwenye vichaka vya Maricá vinavyoipa bahari mgongo,
tukimulika mananasi-pori yaliyojaa maji ya mvua.
Humo hushinda mchana kutwa, kitako majini,
rangi yake ya chungwa la wiki iliyopita.
Giza likikolea, anatoka.

Panzi humrukia, na kufumba na kufumbua
panzi ni habari ya jana.
Tunda hana haja ya kulivizia.
Analiendea kwa miguu, polepole,
kama anayeingia duka analodaiwa.
Analitazama upande huu. Upande ule.
Kisha analitia kinywani zima,
na mikono miwili inashindilia
kilichobaki nje.

Hapo tochi ilinitetemeka,
maana alifumba macho, na macho yakazama.
Yote mawili, ndani ya kichwa,
yakashuka kama ndoo kisimani
yakalisukuma tunda kooni.

"Ndivyo wanavyomeza," akanong'ona Tainara.
"Kutafuna hawawezi. Jicho ndilo mchi."

Kula kwa macho!
Mimi niliyekula kwa macho utoto wangu wote,
pua imebanwa kwenye kioo cha mwokaji Adalmiro,
nikizihesabu keki za nazi
hadi mkewe atoke na ufagio,
na sikushiba hata siku moja.
Macho hayana pazia, tunasema,
tukimaanisha watoto kama mimi.
Huyu analo pazia,
na nyuma ya pazia ana mkono.

Desemba, usiku wa mwisho wa tochi,
tulimkuta kichwa ndani ya ua jeupe,
miguu ya nyuma inaning'inia nje,
anafyonza mbochi.
Alitoka na chavua mgongoni
kama mpagazi wa kiwanda cha unga,
akapanda ua la pili bila kujifuta.
Penseli ya Tainara ilianguka mchangani.
Hakuna aliyeinama kuiokota.

Ameondoka. Ameniachia sufuria, betri sita,
na jina la Kilatini nisiloweza kulitamka.
Daftari lake, ukurasa wa kikopo cha kumi na saba,
linasema mbegu tatu.

Ya nne iko dirishani kwangu,
ndani ya kopo la maziwa ya unga,
na ina majani mawili.
Asubuhi naimwagilia kabla sijaonja kitu.
Halafu nakaa, namega keki ya nazi
niliyoinunua kwa pesa yangu,
nafumba macho,
nasukuma.